Usistarehe Tu Kivulini

Msomaji, wakati baridi ya Julai inapokukunyata Nairobi, jamaa zako kandokando ya ziwa, Kisumu na Siaya, wanatokwa jasho wakivuna mahindi na mtama wa masika. Asubuhi ni kuvuna, mchana kuanika na kufukuza kuku, jioni kupukuchua.

Adui wao ni kayongo, gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu, nazo hukaa udongoni miaka mingi. Ukienda likizo ya Agosti, ling'oe kabla halijatoa mbegu, ulichome. Huko Mbita, watafiti wa ICIPE waligundua kwamba desmodiamu ikipandwa kati ya mistari hulizuia.

Mahindi nayo yakauke kabisa. Yakiingia ghalani na unyevu huota kuvu yenye sumu, na jasho la msimu mzima likapotea bure.