Majasusi Waliofunga Milango ya Linux

Desemba 2000, NSA, shirika la Marekani linalojulikana zaidi kwa kunasa mawasiliano ya watu, liliutolea ulimwengu bure programu ya kuimarisha ulinzi wa mfumo endeshi wa Linux. Iliitwa SELinux, na msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma au kuubadili.

Linux ya kawaida ina mtumiaji mkuu, root, ambaye karibu hakuna kinachomzuia. Programu inayotumia mamlaka yake ikidukuliwa, mdukuzi ameshika mashine nzima. SELinux huipa kila programu na kila faili lebo, na kiini cha mfumo hukagua sheria kabla ya kuruhusu tendo lolote. Seva ya tovuti ina lebo httpd_t. Faili linalohifadhi nywila, /etc/shadow, lina shadow_t. Kama hakuna sheria inayoiruhusu httpd_t kusoma shadow_t, seva hailisomi faili hilo, hata ikiendeshwa kwa jina la root. Mwenye kompyuta ya Fedora, aina mojawapo ya Linux, aandike ls -Z /etc/shadow, lebo ataiona kwa macho yake.

Usanifu wa SELinux, uitwao Flask, NSA iliusuka pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah. Mwaka 2003 SELinux iliingia kwenye kiini rasmi cha Linux, na mwaka 2014 Android 5.0 ikaanza kuitumia kikamilifu. Simu ya Android ya mama ntilie, anayopokelea malipo ya wateja, inalindwa nayo.

Je, tuwaamini majasusi? Mimi naiamini SELinux kwa sababu hainilazimu kuwaamini wao: sheria zake zinasomeka moja baada ya nyingine, na wataalamu wasio wa NSA wamezichambua kwa miaka mingi. Fumbo la hisabati ni jambo jingine. Kanuni ya kuzalisha namba nasibu iitwayo Dual_EC_DRBG, iliyopigiwa debe na NSA, ilichapishwa hadharani, lakini ilitegemea namba ambazo aliyezichagua angeweza kubaki na ufunguo wake wa siri. Baada ya nyaraka za NSA alizozifichua Edward Snowden mwaka 2013 kuzidisha shaka kwamba NSA ilikuwa na ufunguo huo, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliiondoa.

Ndipo ikafika zamu ya Speck, mbinu ya NSA ya kusimba data. Iliingizwa kwenye Linux mwaka 2018, ikaondolewa mwaka huohuo, ingawa hakuna aliyekuwa ameonyesha mlango wa siri ndani yake.