Kabla Hujaweka Ekseli Kubwa Nyuma ya Pikapu ya Shamba, Pima Haya Kwanza



Mavuno yakikaribia, maswali ya usafiri yanakuwa mengi kuliko ya mbolea. Linalojirudia msimu huu ni hili: "Afisa, pikapu yangu imekata shafti ya nyuma kwa mara ya pili. Fundi anasema nitafute ekseli ya Land Cruiser niifunge. Nifanye hivyo?"

Jibu fupi: inawezekana, na kazi ikifanywa vizuri inasaidia. Ila ekseli kubwa inatibu ugonjwa mmoja tu, na haikupi ruhusa ya kupakia zaidi. Wengi wanaopoteza pesa hapa ni wale walionunua ekseli kwanza, wakaanza kupima baadaye. Leo tuelewane kwa nini shafti inakatika, upime nini kabla ya kutoa hela, na hesabu yake inakaaje. Mfano wangu utakuwa Hilux ya zamani ya foo-wili yenye springi za majani nyuma, inayotaka kuwekewa ekseli ya Land Cruiser pikapu, zile za 75.

Kwa nini shafti inakatika

Pikapu nyingi za tani moja zina ekseli ya aina ya semi-floti. Shafti inayotoka kwenye difu kwenda kwenye tairi ina kazi mbili kwa pamoja: inazungusha tairi, na inabeba uzito wa gari upande ule. Uzito unaifanya ipinde kidogo sana, kwa kiasi ambacho jicho halioni. Na kwa kuwa inazunguka, kila mzunguko inapindwa upande huu na upande ule.

Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje huku na huku. Mara ya kwanza haukatiki, wala ya tano. Mwishowe unakatika bila wewe kuongeza nguvu. Shafti nayo ni hivyo hivyo. Tairi la 7.50-16 likizunguka mara moja linakwenda karibu mita 2.5, maana yake ni mizunguko kama 400 kwa kilomita. Kama shamba liko kilomita 30 kutoka lami, safari moja tu ya kwenda ni mizunguko 12,000.

Ndiyo maana shafti mara nyingi haikatiki siku uliyozidisha mzigo. Ufa unaanza mdogo karibu na beringi, unakua safari hadi safari, halafu chuma kinaachia siku gari liko tupu na umempakia mgonjwa au watoto wa shule. Kwenye semi-floti, shafti ikikatikia upande wa nje wa beringi, tairi linaweza kutoka kabisa. Hili si la kuchukulia poa.

Ekseli nzito ya aina ya fuli-floti imejengwa tofauti. Tairi linafungwa kwenye habu, na habu inakaa juu ya beringi mbili za koni zilizo mwishoni mwa hausingi. Uzito wote unabebwa na hausingi. Shafti inabaki na kazi moja, kuzungusha. Hata ikikatika, tairi linabaki mahali pake. Unaweza kuchomoa kipande kilichokatika, ukaziba tundu ili tope lisiingie na oili isimwagike, ukaweka foo-wili na kurudi nyumbani taratibu kwa matairi ya mbele.

Kuitambua ni rahisi. Angalia katikati ya rimu ya nyuma: fuli-floti ina kichwa cha habu kilichochomoza nje, kimezungukwa na nati au bolti za kushika shafti. Semi-floti haina kichwa hicho.

Kitu ambacho ekseli kubwa haikifanyi

Haiongezi uwezo wa gari. Mzigo unabebwa na mnyororo mzima: chesisi, springi, matairi, breki, klachi na ekseli. Ukiimarisha pete moja ya mnyororo, itakatika nyingine. Nimeshaona chesisi imepasuka nyuma ya kabini kwenye pikapu ambayo ekseli yake ilikuwa nzima kabisa.

Soma kibati cha kiwandani au kitabu cha gari, uangalie uzito jumla unaoruhusiwa. Kama gari lako ni la tani moja, hiyo tani ina watu ndani yake. Dereva na vibarua wawili ni karibu kilo 200. Zinabaki kilo 800, yaani gunia nane za kilo 100. Ukipakia lumbesa, hata hizo nane ni nyingi. Ukipakia gunia kumi na tano, hakuna ekseli itakayozifanya breki zisimamishe gari kwenye mteremko kama ulivyotegemea.

Kwa hiyo jiulize kwanza: shafti inakatika kwa sababu ya nini? Kama unapakia ndani ya kiwango na bado inakatika kwa sababu ya mashimo na tope, ekseli kubwa ina maana. Kama inakatika kwa sababu ya gunia kumi na tano, dawa ni kugawa mzigo safari mbili au kukodi Kanta. Na kama umeweka rimu pana zilizotokeza nje au vipande vya kusogeza matairi, virudishe vya kiwandani kwanza, kwa sababu vinaongeza nguvu inayopinda shafti.

Vipimo vitano kabla ya kununua

Nenda dukani na futi, karatasi na fundi wako. Usinunue kwa kuambiwa "hii inaingia bila shida."

1. Uwiano wa difu. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kwenye foo-wili ya kawaida isiyo na difu ya katikati, propela ya mbele na ya nyuma zinazunguka kwa mwendo mmoja, kwa hiyo difu mbili lazima ziwe na uwiano sawa. Land Cruiser nyingi za 75 zina 4.11. Hilux zina namba mbalimbali, kama 4.1, 4.3, 4.556 au 4.875. Nyuma ikiwa 4.11 na mbele 4.1, tofauti ni ndogo mno, haina madhara. Mbele ikiwa 4.556, matairi ya nyuma yatataka kwenda karibu mita 111 wakati ya mbele yanakwenda 100. Kwenye tope tairi litateleza na hutajua. Kwenye ardhi ngumu, kitakachoachia ni transfa au propela.

Namna ya kupima kwenye gari lako: weka kigingi kwenye matairi ya mbele, toa gia, toa foo-wili, inua tairi moja la nyuma, lingine libaki chini. Zungusha tairi lililoinuliwa mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela, kisha gawa kwa 10. Ukipata mizunguko 41, difu yako ni 4.1. Ukipata 45 na nusu hivi, ni 4.556. Kwa ekseli iliyoko dukani, hesabu meno ya krauni ugawe kwa meno ya pinioni: 37 kwa 9 ni 4.11. Namba zikigongana, tafuta ekseli nyingine, au pangia bajeti ya kubadilisha krauni na pinioni ya mbele pia.

2. Upana. Pima kutoka uso wa habu unaokaliwa na rimu hadi uso wa upande wa pili. Linganisha na ekseli yako. Ikizidi sana, matairi yatatokeza nje ya bodi na hayatafuata njia ya yale ya mbele. Ikipungua sana, yatasugua springi.

3. Stadi na tundu la rimu. Land Cruiser 75 na Hilux za foo-wili zina stadi 6 kwenye duara la milimita 139.7, kwa hiyo rimu zinaweza kuingiliana. Pikapu za 79 zilizotoka kuanzia 1999 zina stadi 5 kwenye duara la milimita 150. Ukichukua ya 79, utatembea na tairi za spea mbili. Pima pia tundu la katikati ya rimu, maana habu ya fuli-floti inachomoza na lazima ipite.

4. Mahali pa springi na difu. Pima umbali kati ya katikati ya springi moja na nyingine. Vikalio vya springi visipolingana na vyako, vitakatwa na kuchomelewa upya. Angalia pia kama difu iko katikati au imesogea pembeni, na ulinganishe na pale propela inapotokea kwenye transfa.

5. Breki. Fungua dramu uangalie viatu, silinda na waya wa handibreki. Kwenye Hilux nyingi kuna fimbo inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali ya breki iliyo kwenye chesisi. Kazi yake ni kupunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu na kuiongeza likiwa na mzigo. Fundi akikwambia "tuitoe, haina kazi," mkatalie. Lazima ifungwe na kurekebishwa upya. Kama gari lina ABS, kazi inakuwa ngumu zaidi kwa sababu ya sensa za matairi.

Gereji: mambo ya kusimamia

Hii si kazi ya chini ya mwembe na jeki moja. Gari likae juu ya stendi imara chini ya chesisi, matairi ya mbele yazuiwe. Vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, lifutwe kwa kitambaa kibichi. Breki za zamani zinaweza kuwa na asbesto.

Kwenye kuchomelea ndipo kazi inapoharibika. Moto mwingi mahali pamoja unapinda hausingi, na hausingi iliyopinda inakula beringi na matairi. Shafti, beringi na sili zitolewe kwanza. Vikalio vishikwe kwa vidoti, gari lishushwe juu ya springi, pembe ya difu ipimwe, ndipo vichomelewe vipande vifupi vifupi kwa kupokezana kushoto na kulia.

Pembe yenyewe ipimwe hivi: kwa propela yenye msalaba mmoja kila mwisho, uso wa flanji ya pinioni na uso wa flanji ya transfa viwe sambamba. Visipokuwa sambamba, gari litatetemeka na misalaba itakwisha haraka. Propela ikikatwa au kuongezwa urefu, ipelekwe ikabalansiwe. Na ile sehemu yake inayoteleza ibaki na nafasi ya kuingia na kutoka springi zinapocheza.

Kabla ekseli haijapanda, badilisha beringi za habu na sili zote. Ni nafuu kufanya sasa kuliko mwezi wa pili wa masika. Weka yu-bolti mpya zenye ukubwa wa hausingi hiyo. Oili iwe ya difu, daraja la GL-5. Kama difu ina mfumo wa kupunguza kuteleza, tumia oili yake maalumu. Mrija wa kupumulia difu uinuliwe juu kwenye chesisi, maana difu ya moto ikiingia mtoni inavuta maji kama mrija uko chini.

Hesabu ya pesa

Tuichukulie kama hesabu ya shamba. Jumlisha ekseli, beringi, sili, propela, breki, kuchomelea na ufundi. Kisha tafuta unaokoa kiasi gani kwa kila safari ukilinganisha na kukodi. Tuseme, kwa mfano tu, gharama zote ni 3,600,000 na kwa kila safari unaokoa 60,000. Unahitaji safari 60 kurudisha hela yako. Kama msimu wako una safari 15, ni misimu minne. Je, gari lenyewe litafika misimu minne? Ukiona jibu ni hapana, hela hiyo iweke kwenye springi, matairi na shafti mpya ya aina ile ile, mzigo mkubwa upande Kanta. Kwa anayepeleka viazi au nyanya sokoni mara mbili kwa wiki, hesabu inaweza kugeuka kabisa.

Ongea pia na kampuni yako ya bima, uwajulishe mabadiliko kwa maandishi kabla ya kuanza kazi. Usisubiri wayagundue siku ya ajali.

Ikishafungwa

Siku ya kwanza usipakie. Jaribu breki barabara ikiwa tupu, kisha tembea kilomita 10 na usimame, uguse habu zote mbili za nyuma kwa uangalifu. Moja ikiwa ya moto sana kuliko mwenzake, beringi imekazwa kupita kiasi au breki inashika. Kaza tena nati za matairi na yu-bolti baada ya kilomita 100. Baada ya kilomita 1,000 mwaga oili ya difu na uitazame: ungaunga wa chuma kidogo ni kawaida, vipande ni hatari.

Baada ya hapo, kila wiki ya mavuno angalia vitu vitatu kabla ya kupakia: oili upande wa ndani wa tairi, mlio wa kuvuma unaobadilika na mwendo, na tairi linalocheza ukilitikisa likiwa limeinuliwa. Ukikuta kimoja, mzigo usubiri. Nyanya za kreti kumi zinauma zikioza, lakini tairi likitoka mlimani hasara yake hailipiki.

Chukua futi leo, kalinganishe. Msimu mwema.