Una betri ya moyo? Kidonda chekundu usikipeleke duka la dawa

Mtu aliyewekewa betri ya moyo Dar es Salaam, akirudi Nyakanazi anakuwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwa daktari wake. Kidonda cha kifuani kikianza kuwa chekundu, kilicho karibu ni duka la dawa. Hapo ndipo mambo huharibika.

Betri hiyo, inayowekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), haisukumi damu. Inaushtua moyo upige kwa mpangilio. Pampu ya moyo ni kitu kingine: inaunganishwa na moyo uliochoka na kusukuma damu yenyewe. Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, aliwekewa mwaka 2010, akaishi nayo hadi alipopandikizwa moyo 2012.

Shida kubwa ya pampu ni waya wake. Unatokea tumboni kwenda kwenye betri za nje, na tundu hilo linabaki kuwa mlango wa bakteria muda wote. Ndiyo maana kuogelea ni marufuku, waya unabanwa usivutike, na anayebadilisha bandeji ananawa mikono na kuvaa barakoa.

Wenye betri wana nafuu: ngozi ikipona, mlango umefungwa. Hatari ipo zaidi wiki za mwanzo na pale betri inapobadilishwa baada ya kuisha. Hospitali huchoma antibiotiki kabla ya kupasua. Nyumbani, kidonda kibaki kikavu na safi. Kukanda kwa maji moto, kumwagia unga wa rangi mbili au kutoboa uvimbe kwa sindano, hapana kabisa.

Bakteria wakishika kifaa hujijengea utando ambao dawa hupenya kwa shida. Vidonge vya dukani vinaweza kutuliza homa siku mbili tatu bila kuwamaliza, halafu kipimo cha damu kikashindwa kuwaona. Kwa kawaida betri iliyoambukizwa hutolewa yote pamoja na waya, na anayeihitaji anawekewa nyingine sehemu tofauti. Yaani upasuaji mara mbili, na nauli juu.

Kwa hiyo ukiona wekundu, usaha au ngozi inayokuwa nyembamba juu ya betri, nenda hospitali Biharamulo na kadi ya betri kabla ya kumeza chochote. Rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Na homa ikija, hata mwaka mmoja baadaye, kipimo cha malaria kikitoka hasi usikubali kuondoka na panadol tu: mwambie daktari una betri kifuani.