Mshindi Hajulikani Hadi Mizani Iseme

Tarehe 19 Juni 1949, mjini Charlotte katika jimbo la North Carolina, dereva Glenn Dunaway alimaliza mbio akiwa amemwacha aliyemfuata kwa mizunguko mitatu mizima. Alikuwa na Ford ya mwaka 1947, uwanja ni wa vumbi, mizunguko 200. Hizo ndizo zilikuwa mbio za kwanza za ubingwa zilizoandaliwa na NASCAR, chama cha mbio za magari cha Marekani, kwa magari yaliyotakiwa kubaki kama yalivyotoka kiwandani. Lakini ushindi haukudumu. Mkaguzi Al Crisler alichungulia chini ya gari, akakuta springi za nyuma zimechezewa. Ulikuwa ujanja wa wasafirisha gongo wa milima ya jimbo hilo: springi zikikazwa, gari halibonyei nyuma hata likijazwa pombe, na kwenye kona haliyumbi. Ushindi na zawadi ya dola 2,000 vikaenda kwa Jim Roper wa Kansas, aliyeendesha Lincoln. Mwenye ile Ford, Hubert Westmoreland, alikimbilia mahakamani. Hakimu akaitupilia mbali kesi.

Tangu siku hiyo mbio hizi zimekuwa na washindani wawili wasioachana: fundi na mkaguzi. Kwenye televisheni tunaona timu kubwa zenye wahandisi wengi. Mimi navutiwa zaidi na viwanja vidogo, kama Bowman Gray mjini Winston-Salem, ambako magari yamekuwa yakizunguka uwanja wa mpira wa Kimarekani karibu kila majira ya joto tangu 1949, kwenye njia ya robo maili tu, yaani mita 400 hivi. Katika viwanja vya namna hii dereva mara nyingi ndiye fundi, ndiye mlipaji, na Jumatatu anarudi kazini kama watu wengine. Asipolindwa na kanuni, atashindwa na pochi ya jirani yake kabla hata injini hazijawashwa. Ndiyo maana vitabu vya kanuni vya viwanja hivi vimejaa vipimo, na ukivisoma kwa utulivu utaona karibu kila kipimo ni somo la fizikia.

Tuanze na hewa. Watu husema injini inakula mafuta, lakini chakula chake kikubwa ni hewa. Injini iliyozoeleka sana huko ni ya Chevrolet yenye silinda nane, ujazo inchi 350, yaani lita 5.7. Injini ya mipigo minne hujaza ujazo wake wote mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, basi, inataka kuvuta lita 17,000 hivi za hewa kila dakika. Fikiria mapipa ya mafuta ya lita 200: ni mapipa 85 kwa dakika moja. Sasa kanuni za madaraja mengi ya mashindano humtaka mshindani atumie kabureta ya Holley 4412, yenye matundu mawili, ambayo kwa kipimo cha kiwandani hupitisha futi za ujazo 500 kwa dakika, karibu mapipa 71. Injini inahema kama mkimbiaji aliyefungwa kitambaa puani. Mwenye fedha anaweza kununua kamshafti ya bei mbaya na silinda hedi zilizochongwa kwa mashine ya kompyuta, lakini faida kubwa ya vitu hivyo huonekana pale hewa inapopatikana tele, na hewa imeshabanwa mlangoni.

Uzuri wa kanuni hii ni wepesi wa kuikagua. Mkaguzi ana kipande cha chuma kilichochongwa kwa kipimo halisi. Anakiingiza kwenye tundu la kabureta. Kikigoma, safi, kikipenya, tundu limepanuliwa na mazungumzo yamekwisha. Hahitaji maabara, na dereva aliyesimama pembeni anaona kwa macho yake.

Njia nyingine ni kuzuia injini isifunguliwe kabisa. General Motors huuza injini za mbio zikiwa zimekamilika ndani ya kreti, na mafundi huzitaja kwa tarakimu tatu za mwisho za namba ya spea: 602, yenye silinda hedi za chuma cha kalibu na nguvu za farasi 350, na 604, yenye hedi za aluminiamu na farasi 400. Zote mbili ni za lita 5.7. Hufungwa kwa bolti maalumu ambazo kichwa chake hukatika baada ya kukazwa, hivyo atakayeifungua injini lazima aziharibu, na mkaguzi ataziona.

Hata hivyo, bolti zinaweza kughushiwa, na madaraja mengine hayana bolti hizo. Mkaguzi atajuaje kilichomo ndani bila kubomoa injini usiku wa manane? Hapa pana kifaa ninachokipenda kuliko vyote. Sote tumewahi kupuliza mdomo wa chupa tukasikia sauti. Chupa kubwa hutoa sauti nzito, ndogo hutoa nyembamba. Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani wa karne ya 19, ndiye aliyeieleza hesabu yake vizuri. Kampuni ya Katech ya Marekani imetengeneza kifaa kinachoitwa Whistler, kinachofungwa kwenye tundu la plagi. Hupuliza gesi, husikiliza mlio unaotoka, na kwa mlio huo hukadiria ukubwa wa chemba ambamo mchanganyiko wa hewa na petroli hugandamizwa.

Tupige hesabu tuone kinatafuta nini. Silinda moja ya injini ya inchi 350 ina ujazo wa sentimita za ujazo 717 hivi. Ikiwa uwiano wa mgandamizo ni 9.1 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni sentimita za ujazo 88. Fundi mjanja akiupandisha uwiano hadi 10.1, nafasi hiyo hupungua hadi 79 hivi. Tofauti ni kama vijiko viwili vya chai. Ni kidogo hivyo, lakini hubadilisha nguvu ya injini. Na kwa kanuni ya Helmholtz, chemba ikipungua kiasi hicho, mlio hupanda kwa asilimia sita, karibu sawa kabisa na nusu toni ya muziki: umbali wa kitufe kimoja cha kinanda hadi kile kilicho jirani. Mpiga kinanda wa taarabu angeunasa kwa sikio.

Kuna pia kanuni isiyohitaji kifaa chochote. Katika baadhi ya madaraja, likiwemo lile la magari ya modified (yaliyofanyiwa mabadiliko) ya chama cha IMCA, mshindani aliyeshindwa amewahi kupewa haki ya kuinunua injini ya aliyemshinda kwa bei iliyopangwa, na bei hiyo huwa ya chini. Ukimwaga maelfu ya dola kwenye injini, jirani anaweza kuichukua usiku ule ule kwa sehemu ndogo ya gharama yako.

Tukija kwenye uzito, mambo yanakolea. Kilo ni silaha rahisi ya kusawazisha injini zisizolingana. Gari lenye farasi 400 likitakiwa kuwa na kilo 1,450, kila farasi anabeba kilo 3.6. Gari lenye farasi 350 likiruhusiwa kushuka hadi kilo 1,270, kila farasi anabeba mzigo ule ule. Kwenye karatasi wamelingana. Kwenye kona hawajalingana, na sababu yake ni mpira wa tairi.

Shuleni tulifundishwa kwamba msuguano hukua sawia na uzito: ongeza uzito mara mbili, msuguano nao unakuwa mara mbili. Tairi haitii. Mpira ni laini, hujifinyanga ndani ya vinundu vya lami, na kadiri unavyozidi kugandamizwa ndivyo nafasi mpya za kushikilia zinavyopungua. Ukiongeza mzigo mara mbili, mshiko unaongezeka, lakini haufiki mara mbili. Kwa hiyo kila kilo ya ziada huliadhibu gari mara mbili: kwenye mwendo wa moja kwa moja na tena kwenye kona. Na kutokana na tabia hiyo hiyo, tairi nne hushika vizuri zaidi zikigawana kazi kwa usawa kuliko mbili zikielemewa huku nyingine mbili zikipumzika.

Sasa kumbuka kwamba mbio za viwanja hivi vidogo hukata kona upande mmoja tu, kushoto. Aliyewahi kusimama ndani ya basi likikata kona anajua mwili unakoelekea. Gari nalo huelemea upande wa nje, yaani kulia. Chukua gari la kilo 1,450, kitovu chake cha uzito kikiwa sentimita 45 juu ya ardhi, upana kati ya tairi sentimita 160, na kona inayolisukuma kwa nguvu sawa na 0.8 ya uzito wake. Karibu kilo 326 zitahama kutoka tairi za kushoto kwenda za kulia. Kama gari liligawanywa nusu kwa nusu, kulia kutakuwa na kilo 1,051 na kushoto 399. Lakini kama asilimia 55 ya uzito ilipangwa kushoto tangu mwanzo, kulia kutakuwa na 979 na kushoto 471. Gari ni lile lile, kilo ni zile zile, ila tairi za kushoto sasa nazo zinafanya kazi.

Ndiyo maana fundi akimaliza kupunguza bati na vyuma hukimbilia kurudisha kilo kwa vipande vizito vya madini ya risasi, akivifunga chini kabisa na kushoto kabisa. Na ndiyo maana kanuni huweka kikomo cha uzito wa kushoto; asilimia 55, 56 au 58 ni vikomo vya kawaida. Bila kikomo, watu wangelipia chasisi mpya kila msimu kwa ajili ya asilimia moja. Vipande hivyo aghalabu hutakiwa kupakwa rangi nyeupe na kuandikwa namba ya gari, kwa sababu kipande cha risasi kikichomoka kwenye mwendo kasi kinaweza kuua mtu, na lazima ijulikane kimetoka wapi.

Kupima kabla ya mbio hakutoshi. Bingwa wa NASCAR Darrell Waltrip amesimulia mwenyewe jinsi magari yake yalivyowahi kubeba gololi za risasi ndani ya fremu, zikapita kwenye mizani, kisha yeye akazimwaga kwenye njia ya mbio wakati mbio zikianza. Kwa hiyo viwanja makini hupima tena mbio zikiisha, dereva akiwa ndani ya gari, na vingine husamehe takriban ratili moja kwa kila mzunguko kwa ajili ya petroli iliyoungua.

Kwa maoni yangu, kama kiwanja kidogo kingeruhusiwa kubaki na kifaa kimoja tu cha ukaguzi, kiwe mizani ya tairi nne kwenye geti la kutokea. Hutoa jumla na hutoa asilimia ya kushoto kwa dakika moja, mbele ya kila mtu, bila kujali gari limegharimu kiasi gani. Yeyote anayeanzisha mbio za magari za wananchi, popote pale, anunue mizani hiyo kabla ya kununua vikombe. Katika kumbukumbu za mbio zile za Charlotte, Glenn Dunaway, aliyeongoza kwa mizunguko mitatu, ameandikwa wa 33 kati ya magari 33.