Kitufe cha kuvukia: kuomba njia si kupewa njia

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tunakipita bila kukitupia jicho. Ni kile kitufe kinachofungwa kwenye nguzo ya taa za barabarani, penye kivuko cha waendao kwa miguu. Kina kazi gani hasa? Na kwa nini mtu hukibonyeza mpaka kidole kikauma, huku magari yakiendelea kupita kana kwamba yeye hayupo?

Swali hili nililetewa na shangazi yangu. Yeye anakaa Uchindile, kituo cha reli ya TAZARA kilichoko milimani, ukishapita Ifakara na Mlimba kuelekea Makambako. Alikuja Dar es Salaam kutibiwa macho. Siku moja tukasimama kwenye kivuko chenye kitufe, nikakibonyeza, tukangoja. Taa yetu ikabaki nyekundu. Akaja kijana mmoja, akakigonga kitufe kama mara kumi, akasonya, kisha akajitosa kati ya daladala mbili. Shangazi akanishika mkono kwa nguvu. "Mwanangu," akasema, "huyu ameomba njia, lakini hakungoja jibu."

Kwa msikilizaji ambaye hakukulia kando ya reli, maneno hayo yanahitaji ufafanuzi. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ni ya njia moja. Treni mbili zinazoelekeana haziwezi kupishana ila penye stesheni. Kwa hiyo treni haiondoki hivi hivi. Kwanza huulizwa mbele kama njia iko wazi. Jibu likiwa "ngoja", treni inangoja, hata abiria wanung'unike namna gani.

Kitufe cha barabarani nacho ni hivyo hivyo. Ukikibonyeza, hukuwasha taa yako wala hukuzima ya magari. Umepeleka ombi kwenye sanduku la mitambo linalosimama kando ya barabara, ambalo ndilo linalopanga zamu za taa. Sanduku hilo hulihifadhi ombi lako mpaka zamu yako ifike. Ombi moja linatosha. Kubonyeza mara ya pili, au ya kumi, hakuongezi kitu, kama vile kumwuliza karani mara kumi kusivyofupisha foleni.

Mbona basi hatupewi njia papo hapo? Kwanza, magari yakishapewa taa ya kijani, yana muda wake wa chini kabisa ambao lazima utimie. Taa ingebadilika kila mtu anapobonyeza, magari yasingesogea. Pili, kwenye makutano ya barabara kila upande una zamu yake, na wenye miguu nao wana yao. Tatu, gari halisimami kwa kuamriwa tu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hula karibu mita 14 kila sekunde. Ndiyo maana kuna taa ya njano, ili dereva apate nafasi ya kushika breki.

Ikija sasa taa ya kijani ya mtu anayetembea, maana yake ni "anza kuvuka". Ikianza kumetameta au kuzimika, aliye katikati amalize, na aliye ukingoni abaki ukingoni. Muda wa kuvuka hupigiwa hesabu. Kipimo kilichotumiwa kwa miaka mingi na mainjinia wa Uingereza, kwa mfano, kilikuwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde. Kwa kipimo hicho, barabara ya mita 14 inahitaji kama sekunde 12. Lakini mama mwenye magoti mabovu na macho ya ukungu hatembei mwendo huo. Anayepanga sekunde hizo anapanga pia nani afike ng'ambo salama.

Shangazi hakukosea kufananisha barabara na reli. Taa za kwanza za barabarani duniani ziliwekwa London mwaka 1868, karibu na Bunge, na aliyezibuni, John Peake Knight, alikuwa mtu wa reli. Alichukua mikono ya ishara na taa za treni akazileta barabarani, ili watu wapate kuvuka. Zilikuwa za gesi. Mwanzoni mwa mwaka 1869 gesi ikalipuka, ikamjeruhi askari aliyeziendesha, nazo zikaondolewa.

Lipo pia jambo la vitufe vilivyokufa. Mwaka 2004 gazeti la New York Times liliandika kwamba katika jiji la New York, kati ya vitufe 3,250, zaidi ya 2,500 vilikuwa havifanyi kazi tena. Huko hasara si kubwa, kwani taa zimepangwa kumpa mwenye miguu zamu yake, abonyeze asibonyeze. Hatari iko pale ambapo taa husubiri ombi na kitufe ni kibovu. Hapo utangoja mpaka jua lizame.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu siku ile. Tulihesabu magari yakipewa zamu mara tano, yetu haikuja. Mwishowe askari wa usalama barabarani alitusimamishia magari kwa mkono.

Ndugu wasikilizaji, kitufe kibovu si kasoro ndogo. Kinamfundisha raia kwamba kuomba njia ni kupoteza wakati, na akishajifunza hivyo, hata penye kitufe kizima hatakibonyeza. Atajitosa kama yule kijana. Katika barabara kama ya Morogoro, ambako tangu mwaka 2016 tunavuka njia za magari na pia za mabasi ya mwendokasi, huko ni kuchezea roho.

Basi, bonyeza mara moja. Vitufe vingi vina kitaa kidogo kinachowaka kuonyesha ombi limepokelewa, kitazame. Ngoja. Taa ya kijani ikija, angalia kulia, kushoto, na kulia tena, uhakikishe magari yamesimama kweli, maana taa haina mkono wa kushika breki ya mtu. Na kitufe kikiwa kibovu, toa taarifa kwa wanaohusika, wala usichoke kuirudia. Mwomba chumvi huombea chungu chake.

Shangazi amekwisharudi Uchindile, macho yakiwa na nafuu. Anasema kule treni huchelewa, lakini mtu akiomba njia, hujibiwa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.