Ukibaguliwa kazini serikalini Marekani, rufaa ina siku 30 tu

Wadau, mwezi huu nimepigiwa simu mara tatu na Watanzania na Wakenya wa huku Maryland wakiuliza jambo lile lile, na kila nikijibu kwa mdomo nasahau kitu. Bora niandike yote hapa, atakayetaka asome kwa nafasi yake.

Nazungumzia walioajiriwa na serikali kuu ya shirikisho: posta, hospitali za maveterani, wizara, raia wanaofanya kazi kwenye kambi za jeshi. Kama mwajiri wako ni jimbo, kaunti, jiji au kampuni binafsi, funga ukurasa huu, maana njia yako ni nyingine. Wewe unapeleka malalamiko moja kwa moja EEOC, yaani Tume ya Usawa wa Fursa za Ajira, ndani ya siku 180, au 300 kwenye majimbo mengi. Watu wanachanganya hapo na wanapoteza muda.

Wa serikali kuu safari yake inaanzia ndani ya idara yake mwenyewe. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 haikuwagusa wafanyakazi hawa mpaka iliporekebishwa mwaka 1972, na rufaa zao zilihamia EEOC mwaka 1979. Lakini uchunguzi uliachwa mikononi mwa idara inayolalamikiwa. Ndiyo, umesoma vizuri. Kesi ya nyani anapelekewa ngedere, kisha ngedere anakuandikia barua ndefu kwamba hakuona mahindi yoyote.

Barua hiyo ninayo. Nilikuwa hospitali moja ya serikali, sitaitaja, nikaomba cheo cha msimamizi wa zamu. Niliyemfundisha kazi ndiye aliyepewa. Nilipouliza kulikoni, bosi akasema nina tatizo la "mawasiliano", wagonjwa hawanielewi. Miaka sita nilikuwa nikipokea simu za wagonjwa hao hao na hakuna aliyewahi kulalamika. Kwa sheria ya huku lafudhi inaweza kuwa sababu pale tu inapokwamisha kazi kweli kweli. Bosi kutoipenda si sababu.

Siku zinahesabiwa hivi, na ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Una siku 45 tangu tukio kumwona mshauri wa EEO wa idara. Akishindwa kuwapatanisha anakupa barua, nawe una siku 15 kupeleka malalamiko rasmi. Idara ina siku 180 kuchunguza. Ukishapewa faili la uchunguzi una siku 30 kuchagua: usikilizwe na hakimu wa EEOC, au idara itoe uamuzi yenyewe.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimechoka, nikasema idara itoe uamuzi tu yaishe. Kwa hakimu ungeweza kuita mashahidi na kudai nyaraka, na bosi angeulizwa maswali akiwa amekula kiapo. Ukiruka hatua hiyo, rufaa inaamuliwa kwa karatasi zilizomo kwenye faili basi. Na ushahidi mpya kwenye rufaa haupokelewi, ila uonyeshe kwamba usingeweza kuupata mapema. Mwenzangu mmoja alikuwa tayari kusema aliyoyasikia ofisini, lakini mchunguzi hakumhoji, nami sikulifuatilia.

Sasa rufaa yenyewe. Una siku 30 tangu upokee uamuzi. Unajaza fomu namba 573 na kuipeleka ofisi ya EEOC inayosikiliza rufaa za shirikisho, Washington, kwa posta au kwa mtandao wao. Hakuna ada na mwanasheria si lazima. Hata malalamiko yaliyotupwa mlangoni kwa kisingizio kwamba umechelewa unaweza kuyakatia rufaa. Kama kesi yako ni ya kufukuzwa kazi soma barua kwa makini, kwani mara nyingi rufaa hiyo inakwenda bodi nyingine, MSPB, na ukipeleka EEOC umepotea njia.

Uamuzi ukiwa wa idara, EEOC wanalipitia faili upya na hawalazimiki kukubaliana na idara kwa lolote. Ukiwa wa hakimu ni vigumu zaidi, kwani aliyoyaona hakimu kuhusu ukweli wa mambo yanaheshimiwa kama yana ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo kuandika kurasa kumi za uchungu hakusaidii. Mimi rasimu ya kwanza ilikuwa machozi matupu, nikaichana. Ya pili ilikuwa kurasa nne: ukurasa gani wa faili bosi amesema hivi, ukurasa gani amesema vingine, na wapi zilipo karatasi za alama za usaili, maana hazikuwemo.

Kuhusu tarehe, jamani, hata Mahakama Kuu ya Marekani imelishughulikia. Marvin Green, mweusi, alikuwa mkuu wa posta Englewood, Colorado. Alilalamika amenyimwa cheo kwa rangi yake, baadaye akatuhumiwa kuchelewesha barua, akabanwa mpaka akaandika kuacha kazi. Alimwona mshauri siku 41 baada ya kujiuzulu, lakini siku 96 baada ya kusaini makubaliano na posta. Mahakama za chini zikasema umechelewa. Mei 2016 Mahakama Kuu ikaamua siku 45 zinaanza pale mtu anapotoa taarifa ya kujiuzulu. Miaka sita ya kubishania kalenda, ubaguzi wenyewe ukisubiri.

Ukishindwa EEOC una siku 90 kwenda mahakama ya shirikisho, na huko kesi inaanza upya. Vile vile zikipita siku 180 tangu ukate rufaa bila jibu unaweza kwenda mahakamani, ila ukifanya hivyo rufaa inakufa. Unayemshtaki ni mkuu wa idara kwa cheo chake, bosi wako hatajwi kama mshtakiwa.

Yangu ilichukua zaidi ya mwaka. EEOC wakaufuta uamuzi wa idara na kuirudisha, wakiagiza zile alama za usaili ziletwe na yule mwenzangu ahojiwe. Baada ya hapo tukamalizana, kwa masharti ambayo siruhusiwi kuyaandika hapa.

Dada aliyenipigia jana usiku, barua yako imeshafikisha siku 26. Usisubiri mwanasheria arudi likizo. Peleka fomu leo, maelezo ya hoja zako yana siku nyingine 30 tangu utakapoipeleka. Na tunza uthibitisho kwamba umeituma.