Je, Wajua? Mkono wa Gia Uliogoma Huenda Haujafa

Je, wajua kuwa mkono wa gia wa baiskeli ukiacha kulia “ka!” mara nyingi haujavunjika? Ndani yake mna vijino vidogo vinavyoushika waya wa gia hatua kwa hatua. Grisi ya zamani ikikauka, vijino hunata na waya hauvutwi. Kabla ya kwenda Kariakoo kununua mwingine, usafishe kwa mafuta ya taa, uache ukauke, kisha tia mafuta mepesi.

Mkono ukiwa umelika kabisa, hesabu kwanza magurudumu ya meno ya nyuma. Yakiwa 7, tafuta mkono wa hatua 7, tena wa mfumo unaopatana na gia zako.

Na historia ya gia je?

• Mashindano ya baiskeli ya Tour de France yaliruhusu gia za kuhamisha mnyororo mwaka 1937.

• Mwaka 1984, Shimano ya Japani ilileta SIS, mfumo wa kubadili gia kwa hatua, na gia za aina hiyo zikaenea duniani. Awali mwendeshaji aliitafuta gia kwa hisia za vidole. Mikono ya gia ya wakati huo haina hatua, hivyo haichagui idadi ya gia: ukiikuta kwenye vipuri vya mitumba, usiidharau.